Nusu Saa ya Maji Kule Rumaila

Mgeni alifika Tabora Jumatatu kwa ndege ya asubuhi, na kabla hajamaliza kikombe cha kwanza cha chai alikuwa ameshataja siku ya kuondoka.

"Alhamisi mchana, shangazi. Kazini hawakunipa zaidi ya hapo."

Haifa binti Azan alimtazama asimmalize. Alikuwa kijana wa miaka thelathini na mitano hivi, kanzu nyeupe isiyo na kunyanzi ingawa ametoka safari, kishada cha uzi kikining'inia kolani, kofia ya kudarizi. Jina lake Soud bin Awadhi. Baba yake, Awadhi, ni kaka yake Haifa kwa baba, mama mbalimbali, lakini Haifa hakuwahi kumtia machoni wala kusikia sauti yake. Sasa mtoto wa Awadhi amekaa sebuleni kwake, mtaani Chemchem, anazungumza Kiswahili chenye lafudhi ya Unguja alichokipata kwa mama yake, na anamwita shangazi kana kwamba wamezoeana miaka yote.

"Baba hajambo?"

"Hajambo kidogo. Moyo unamsumbua. Ndiyo maana nimekuja mimi."

Majidi, mtoto wa pekee wa Haifa, alikuwa ameacha kibanda chake cha kutengeneza simu siku hiyo ili ampokee binamu yake. Tangu uwanja wa ndege hadi nyumbani walikuwa wamekwisha kuzungumza mambo ya kazi. Soud alikuwa amemwambia kuna kampuni Maskati inatafuta mafundi, na kwamba mwaliko wa ndugu hurahisisha viza. Majidi alikuwa na miaka ishirini na minane na hakuwa amelala vizuri wiki nzima kwa kumngojea mtu huyu.

Haifa aliwaona wanavyocheka pamoja, akafurahi, kisha akaingiwa na wasiwasi ambao hakujua umetoka wapi.

Huyu Haifa watu wengi wa Tabora wanamjua kama mwalimu. Alifundisha jiografia miaka thelathini na miwili, akastaafu juzijuzi tu. Waliosoma kwake husema alikuwa anachora ramani ubaoni kwa mkono mtupu bila kutazama kitabu, na kwamba hakuna nchi aliyoichora vizuri kama Oman: mlima hapa, kijani kidogo chini yake, kisha mchanga, mchanga, mchanga mpaka ukingo wa ubao. Aliwaambia wanafunzi wake kwamba nchi ile zamani ilikuwa na majina mawili kwa sababu ilikuwa na nyoyo mbili. Pwani ilikuwa Maskati, ya mabaharia na masultani. Bara ilikuwa Oman yenyewe, ya mashekhe na mitende, na watu wa huko walipigana na wa pwani mpaka miaka ya hamsini. Aliyemfundisha hayo ni baba yake.

Azan bin Soud aliingia Tabora kwa reli akiwa kijana, akauza nguo kwa baiskeli vijijini hadi Urambo. Wenyeji waliwaita watu wa aina yake Wamanga. Mtu akimwita Mwarabu wa Maskati, alikuwa anashusha miguu kwenye baiskeli ili amsahihishe. "Mimi si wa Maskati. Mimi ni wa Oman. Kwetu ni Rumaila." Huko Urambo ndiko alikomwoa Mwanajuma, binti wa Kinyamwezi, na Haifa akazaliwa.

Mwaka 1971, Haifa akiwa na miaka tisa, ilikuja habari kwamba nchi imepata mtawala mpya na jina moja, na walio ng'ambo wanaitwa warudi. Azan alirudi. Alisema anatangulia kutengeneza mahali. Alituma barua nne. Baadaye kukawa kimya, na mwaka 1980 mtu mmoja wa msikitini akaja kuwaambia kuwa Azan amefariki na amezikwa kwao. Hapo ndipo walipojua pia kwamba alikuwa na mke mwingine kule, na mtoto wa kiume mkubwa kuliko Haifa. Mwanajuma aliendelea kupika vitumbua na kumsomesha mwanawe. Alikufa mwaka 2004, akazikwa kwao, karibu na mashamba ya tumbaku ya ndugu zake.

Basi jioni ile ya Jumatatu, baada ya kula, Soud alitoa bahasha.

"Ni jambo dogo, shangazi. Shamba la babu la mitende pale Rumaila linauzwa. Kijiji chote kinahama, vijana wako mjini. Warithi wote wameshatia saini. Umebaki wewe, kwa ajili ya kukamilisha tu. Kesho tukipata wakili wa kushuhudia, tumemaliza."

Karatasi ilikuwa moja, ya Kiarabu, imepigwa chapa vizuri, na mstari mtupu chini.

"Niache nayo," Haifa alisema. "Nitaisoma."

Soud alisita. "Unasoma Kiarabu?"

"Nilisoma chuoni kama watoto wote."

Hakusema uongo. Kama watoto wengi wa Kiislamu wa Tabora alihitimu msahafu akiwa mdogo. Herufi anazijua, kutamka anatamka, maana ndiyo haipati. Kesho yake asubuhi alikaa na ile karatasi dirishani akawa anaipapasa neno kwa neno kama mtu anayevuka mto kwa fimbo. Alilipata jina la baba yake. Alilipata jina lake, Haifa. Lakini baada ya jina lake hapakuwa na Azan. Palikuwa na Mwanajuma. Haifa binti Mwanajuma. Na mbele ya Mwanajuma palikuwa na neno aliloliunganisha polepole: khaa, alifu, dali, mimu.

Hadimu, yaani mtumwa.

Alirudia. Huenda halina vitone sawasawa, huenda macho yake ya uzee. Likawa lile lile. Mtu wa Tabora hahitaji kufundishwa neno hilo. Mji huu ulikuwa kituo cha misafara kati ya Bagamoyo na Ujiji. Pembe zilipita hapa, na watu waliofungwa shingo kwa shingo walipita hapa. Mpaka leo ukigombana na mtu vibaya sana unaweza kusikia babu yako alikuwa nani, na ndoa huvunjika kwa maneno kama hayo.

Alijifunga ushungi, akaitia karatasi mkobani, akamwambia Majidi anakwenda sokoni. Akaenda Cheyo kwa Ustadhi Abasi, aliyesoma Sudani miaka sita.

Ustadhi alisoma mara moja kimya. Akavua miwani.

"Mwalimu, nani kakuletea hii?"

"Nisomee tu, Ustadhi. Yote."

Alimsomea. Karatasi ilisema kwamba yeye, Haifa binti Mwanajuma, anakiri kwa hiari yake kuwa yeye si mtoto wa Azan bin Soud. Kwamba mama yake alikuwa hadimu wa nyumba ya Azan, wala haikuwepo ndoa. Na kwa hiyo zamu ya maji iliyoandikwa katika daftari la falaji ya Rumaila, nusu saa kila duru ya zamu, "kwa binti yangu Haifa aliyeko Unyanyembe", yaani Tabora, iliandikwa kwa makosa, naye hana dai juu yake.

Haifa aliomba arudie mwisho.

"Kwa binti yangu Haifa aliyeko Unyanyembe," Ustadhi alirudia. "Ni hiba. Baba yako alikuandikia akiwa hai. Nusu saa ya maji. Huko jangwani wao wana mifereji inayotoka chini ya mlima, na kila mwenye shamba ana zamu yake..."

"Falaji naijua. Nimeifundisha."

Miaka hamsini na kitu alijua kwamba baba yake alimsahau. Alikwisha kulizoea, kama mtu anavyozoea mguu mfupi. Na sasa karatasi iliyokuja kumfuta ndiyo inamwambia kwamba aliandikwa.

Aliporudi, Soud na Majidi walikuwa barazani. Wakili amepatikana, Majidi alisema, anawangoja saa nane. Haifa alijibu kuwa leo hawezi.

"Kesho basi, asubuhi," alisema Soud.

"Kesho tunakwenda Urambo kumsalimia mjomba wangu. Huwezi kufika mpaka hapa usimwone."

Uso wa Soud ulibadilika kidogo. "Shangazi, muda hautoshi."

"Ni mwendo wa saa moja na nusu." Akatoa karatasi mkobani, akamrudishia. "Utakuja nayo."

Majidi alimfuata mama yake jikoni. Alizungumza kwa sauti ya chini lakini mishipa ya shingo ilikuwa imemsimama. "Mama, kuna nini? Mtu katoka Oman, anataka saini moja tu."

Haifa akamweleza. Majidi alisikiliza mpaka mwisho, akakaa juu ya ndoo.

"Ni maneno ya karatasi," alisema hatimaye. "Nani ataisoma? Bibi amekufa. Hilo shamba hujaliona wala hutaliona. Mimi nipo hai, Mama. Niko hapa nabadilisha vioo vya simu."

"Najua uko hapa."

"Basi tia saini."

Haifa alianza kumenya vitunguu. Majidi alitoka, na usiku kucha hakurudi nyumbani. Asubuhi alikuja na gari la rafiki yake, akawaendesha Urambo bila kumsemesha mtu.

Ngassa, mdogo wake marehemu Mwanajuma, alikuwa ameketi karibu na bani la kukaushia tumbaku akifunga majani. Umri umepita sabini na tano lakini mgongo wima. Haifa alimsalimu kwa Kinyamwezi, "Mwangaluka, mjomba," wakapokezana salamu ndefu za nyumba na mvua na mazao. Soud naye akatoa shikamoo, akaitikiwa marahaba, akapewa kiti.

"Huyu ni mtoto wa Awadhi," Haifa alisema. "Mjukuu wa mzee Azan. Ameleta karatasi nitie saini. Nimesema sitii mpaka wewe uisikie, kwa sababu ndani yake kuna jina la dada yako."

Akamgeukia Soud. "Isome. Kwa Kiswahili, mjomba asikie."

Kuku alipita katikati yao. Soud aliitazama karatasi, akamtazama Haifa, akajua kwamba shangazi ameshajua.

"Shangazi, tunaweza kuzungumza pembeni."

"Soma, mwanangu."

Alianza. Jina la nchi, jina la mkoa, tarehe. "Mimi, Haifa, binti ya Mwanajuma..." Sauti ilikuwa inapungua. "Nakiri kwa hiari yangu kwamba mama yangu... kwamba mama yangu alikuwa..."

Alikwama. Ngassa aliendelea kufunga majani. Majidi, aliyekuwa ameegemea gari, alisogea.

"Alikuwa nani?" Ngassa aliuliza.

Soud aliitazama karatasi tena.

"Kijana, nakuuliza. Dada yangu alikuwa nani?"

"Mtumishi," Soud alisema.

"Hilo si neno lililoandikwa," alisema Haifa.

Jasho lilikuwa linamtoka Soud kwenye paji la uso. Alisema neno lenyewe, polepole, kichwa kimeinama.

Ngassa aliweka majani chini. Hakupandisha sauti. "Nilikuwa na miaka kumi na miwili. Bwana Azan alikuja na kadhi kutoka Tabora na mashahidi wawili. Ndoa ilifungwa hapo penye lile bomba, ndipo ilipokuwa nyumba ya baba. Mimi ndiye niliyeshika baiskeli yake wakati anaozeshwa. Na nikwambie jingine. Watu wa nyumba hii tulikuwa wapagazi. Babu yangu alikwenda pwani na kurudi mara tatu, kwa ujira wake na kwa miguu yake. Waliofungwa tuliwaona njiani na tunajua majina ya waliowafunga. Sisi hatukufungwa. Na hata tungefungwa, aibu si yetu." Alimkazia macho Soud. "Baba yako anajua hayo?"

Soud alikunja karatasi. Kilichofuata hakikutarajiwa na mtu: aliinamia magoti yake, akajifuta macho kwa kiganja.

Aliwaeleza. Mwaka babu yake aliporudi, bibi yake Soud alimuuliza kama ana mke Afrika, naye Azan akakana. Alikana mbele ya ndugu zake bibi, na kule kwao, neno lililosemwa mbele ya mashemeji halirudi. Awadhi alikuwa kijana, alikuwepo. Lakini alipokaribia kufa, Azan alimwita mzee wa falaji peke yake akamwandikisha nusu saa ya Haifa. Mzee akaandika, na siri haikukaa. Tangu hapo Awadhi alikuwa akisema ni makosa ya daftari, babu alikuwa na homa. Amesema hivyo miaka arobaini na tano, kwa ajili ya heshima ya mama yake, na mama amekufa akiamini. Sasa shamba linauzwa, na mnunuzi hataki daftari lenye jina la mtu asiyejulikana.

"Na hiyo nusu saa?" Haifa aliuliza. "Miaka yote hiyo imekwenda wapi?"

"Wakili wa falaji, yule msimamizi wa maji, hakukubali tuichukue. Zamu yako ikifika wanafungulia mitende ya msikiti. Kila duru. Watu wa Rumaila husema sasa ni maji ya Haifa. Hata watoto. Hawajui ni nani."

Haifa alisimama, akaenda nyuma ya bani. Walimsikia analia, na hakuna aliyemfuata. Majidi ndiye aliyetaka kwenda, akasimama njiani, akarudi.

Walipofika Tabora jua lilikuwa limeinama. Soud alimpigia baba yake simu, akazungumza Kiarabu muda mrefu, mara anasihi, mara ananyamaza. Kisha akampa Haifa simu.

"Nani?" Sauti ya mzee, nzito, ya Kiswahili cha kigeni.

"Haifa binti Azan."

"Mimi nina dada wawili," Awadhi alisema, "nawajua wote."

"Sikuombi unijue, kaka. Shamba uzeni, mitende siitaki. Lakini mama yangu aliolewa, na hiyo karatasi siitii saini. Siku nikiitia itakuwa nimemzika mara ya pili."

"Unajua umemkosesha mtoto wako nini?"

"Najua."

Simu ikakatwa. Majidi alikuwa amesimama mlangoni, amesikia. Haifa alimtazama, akingoja. Majidi alichukua funguo za gari akatoka.

Alhamisi Soud aliondoka na karatasi isiyo na saini. Simuni mwake alikuwa na sauti ya Ngassa akieleza ndoa ya dada yake mwanzo hadi mwisho, kwa sababu kabla ya kuondoka Urambo alimwomba ruhusa amrekodi, naye Ngassa akasema sawa, lakini aanze upya ili ataje na majina ya mashahidi. Uwanjani Soud alimbusu Haifa mkono. Hakuahidi kitu.

Wiki mbili baadaye Haifa aliletewa ujumbe wa sauti kutoka kwa wakili wa falaji, na Ustadhi Abasi akamfasiria. Wazee wa Rumaila wamesikiliza maneno ya Ngassa. Daftari litabaki kama lilivyo. Shamba limeuzwa pamoja na maji yake yote isipokuwa nusu saa moja. Awadhi hakuhudhuria kikao, na tangu siku hiyo hasemi na mwanawe Soud. Mwisho wakili aliuliza: mwenye maji anataka yaelekezwe wapi?

Haifa alijibu kwamba yaendelee msikitini.

Habari ya kazi Maskati ilikufa kimyakimya. Soud mwenyewe hakuwa tena na nguvu ya kumwalika mtu. Majidi alikaa mwezi mzima akimsalimu mama yake na kumpa hela ya sokoni, basi. Haifa hakumlaumu wala hakumwomba radhi. Mara moja tu, wakila, alimwambia, "Ungekuwa umekwenda, kila ukiulizwa wewe ni wa nani, jibu lingekuwa ile karatasi." Majidi alisukuma sahani, akasema ameshiba.

Mwezi wa pili baada ya hapo alirudi mapema kutoka kibandani na fomu ya pasipoti. Alisema amesikia kwa Ustadhi kwamba mama anataka kwenda kuangalia maji yake kabla magoti hayajamkatalia. Alivuta kiti, akatoa kalamu, akaanza kumjazia: jina kamili, tarehe, kazi. Penye uraia aliandika Mtanzania bila kuuliza. Alipofika kwa wazazi, aliandika Mwanajuma, Urambo. Kisha akasimamisha kalamu.

"Babu alizaliwa wapi? Niandike Oman tu?"

"Andika na Rumaila."

"Inaandikwaje?"

Haifa akamtajia herufi moja moja, naye akaandika kwa mwandiko wa kutulia ili isikosewe.